Swali la Evelina

Pasiansi, Mwanza
19 Aprili 2026

Mpendwa Shangazi Milka,

Shikamoo. Natumaini wewe, Baba Yona na watoto wote huko Mbale mko salama. Vipi mguu wako? Baba alituambia uliteleza kwenye tope, na Mama anasema usiukaze kwa kamba kama ulivyofanya mara ile. Ulisema kwenye simu maneno yanakatika na ungependa barua ya mkono, ndiyo hii.

Sisi ni wazima. Mama aliumwa malaria kabla ya sikukuu lakini alimaliza dozi na sasa anakula vizuri. Mvua zimekuwa kubwa mwaka huu, njia ya kushuka ziwani haipitiki kwa viatu. Mimi niko kidato cha tatu na kemia bado inanitoa jasho.

Bado tuko nyumba chache tunaokutana kusali kila Sabato sebuleni kwetu. Wapangaji wapya wa hapa mtaani hutuuliza kama sisi ni Wasabato, na tukisema ni Wayahudi wanadhani tunawatania. Mama Nurdin wa jirani ndiye mtetezi wetu. Huwaambia, hawa kitimoto hawali, kama mimi Mwislamu, waacheni.

Hasa nilitaka kukueleza habari za Evelina. Wiki mbili zijazo mdogo wangu anatimiza miaka kumi na miwili, umri ambao msichana wetu anasimama mbele ya wote na kuhesabiwa kuwa binti wa amri. Usonji wake unaufahamu. Mwalimu Nkwabi anatufundisha dini na herufi za Kiebrania kila Jumapili: anasoma, tunaitikia, kisha mmoja mmoja anasimama kusoma peke yake. Evelina haitikii. Anazunguka chumbani, na sauti zikipanda anaziba masikio.

Mwalimu si mkali, Shangazi, na hilo ndilo lililonisumbua. Mwezi wa pili alimwambia Baba kwa upole kwamba mtoto kama huyu Mungu hamdai chochote, basi tusimchoshe. Akae jikoni na akina mama, na siku yake ipite kimya. Baba alikubali. Mimi nilitoka nikaenda kufua ili wasinione uso.

Mwalimu wake wa shule, kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, aliwahi kuniambia kwamba Evelina anajifunza kwa kushika, na kwa utaratibu ule ule usiobadilika. Kwa hiyo nilianza kukata unga wa mandazi kwa maumbo ya herufi. Nikizikaanga naziweka kwenye hotpoti, tunakaa chini, ninataja. Nikisema shini, anachambua mpaka anaipata ile yenye vichwa vitatu, ananionyesha, anaila. Alikuwa ameshajua karibu nusu. Sikumwambia mtu, nilitaka kwanza azimalize.

Kumbe nilisahau Pasaka. Siku chache kabla haijaanza, kama ujuavyo, nyumbani hakubaki chembe ya chachu. Mama alifagia mpaka nyuma ya kabati, unga wa ngano tukampa Mama Nurdin, hotpoti ya mandazi ikafungwa kwenye gunia na kuwekwa stoo. Nilijaribu kumchongea herufi za viazi vitamu. Evelina alizitazama, akazirudisha kwenye sahani. Kwake viazi ni viazi. Alitafuta jikoni kote, akalia, kisha akaacha hata kunikaribia. Niliona nimemfundisha kwa kitu ambacho dini yenyewe ingemnyang'anya.

Usiku wa kwanza wa Pasaka familia zote zilikuja kwetu. Zamu ya mtoto kuuliza, kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, alipewa Winnie, binti wa Mwalimu Nkwabi. Ana miaka sita na amekariri kila neno. Alikuwa ameshasimama na gauni lake lililopigwa pasi, Evelina akaingia kutoka stoo amekumbatia hotpoti.

Hebu fikiria, Shangazi, chombo cha chachu kwenye meza ya Pasaka! Mke wa Mwalimu alivuta ile mikate isiyochachwa upande wake. Mwalimu akanyanyuka kwenda kuitoa hotpoti. Evelina alifungua mfuniko, akamwinamishia Baba aone ndani, akasema, "Mbona hakuna?"

Wewe unajua yeye huomba kwa kukuvuta mkono, na maneno yake mengi ni ya kurudia tuliyoyasema sisi. Hili hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono. Baba akamzuia. "Ngoja, Mwalimu. Mtoto ameuliza."

"Lakini zamu ni yangu," Winnie akasema, na watu wakacheka.

Baba hakucheka. Alimvuta Evelina karibu, akamjibu taratibu kama anavyomjibu mtu mzima: kwamba tulikuwa watumwa Misri, tukatoka mbio, unga haukupata muda wa kuumuka, na ndiyo maana leo hakuna mandazi. Kama alielewa, siwezi kujua. Alifunga mfuniko, akakaa. Mwalimu aliichukua hotpoti kwa ncha za vidole akaipeleka nje, na akakaa huko nje muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi alimwambia Winnie aendelee, swali lake litakuwa la pili.

Siku chache baadaye aliniita. Alisema miaka yote amefundisha kwamba usiku ule tunabadilisha mambo mezani makusudi, ili watoto washangae na waulize. "Na kila mwaka wananisomea swali vizuri sana," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza kushangaa."

Hapo nikapata ujasiri wa kumweleza kuhusu herufi. Sikukuu ilipokwisha nilikaanga mandazi, akaja kuona mwenyewe. Evelina alimpa shini aliyoitaka, kisha akamnyang'anya.

Sasa wamekubaliana na Baba kwamba Sabato ya tarehe pili Mei Evelina ataitwa. Hatatakiwa kusoma. Ataitwa kwa jina lake na la wazazi, atasogea mbele, atasimama. Akisema neno tutaitikia amina, asiposema tutamwombea baraka. Mimi niliogopa kwamba mbele za watu atakataa kunyanyuka, au atakimbia, na wale wenye huruma watasema tuliwaambia.

Leo asubuhi tumefanya majaribio darasani. Mwalimu aliita kwa sauti ya chini, "Evelina binti Masele na Leya." Alikawia kidogo, kisha akaenda. Alisimama pembeni ya Mwalimu, akashika pindo la shali lake la kusalia. Tulipomaliza, Mwalimu alimwambia arudi kukaa. Alikataa. Nilimwita mimi, akakataa. Basi Mwalimu akafungua kitabu na kufundisha somo zima huku Evelina amesimama pale, ameshika shali, anatutazama.

Kama mguu utaruhusu, njoo uwepo siku hiyo.

Msalimie sana Baba Yona, Yona mwenyewe na Bibi Tabitha. Baba, Mama na Mama Nurdin wanakusalimu. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na akurudishie nguvu za mguu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Rebeka