Jiko Lisilo na Vitunguu

Dada Najla,

Ujumbe wako kwamba mama ametutoka nimeupata. Madam, mwenye mkahawa, amenikatalia ruhusa ya kuja nyumbani. Eti, "Khalas, si wameshamzika?"

Siku hizi napika vyakula vya Kikorea visivyo na nyama, hapa ughaibuni, mtaa wa Oud Metha. Tunafuata upishi wa watawa wao: tofu, ile jibini ya soya, uyoga, kabichi ya pilipili. Kitunguu na saumu ni mwiko. Mapishi gani haya!

Umeuliza kama nimelia. Zamani, nikipika biriani jiko la nyuma kule mtaa wa Deira, ningeinamia vitunguu nikalia nikatosheka, wala mtu asingeuliza. Hapa jiko liko wazi mbele ya wateja, nami nakata figili. Mwenzangu Ghania alilia juu ya figili, kesho yake akafukuzwa.

Msomee mama Yasini. Na kilio changu, dada, nililie wewe.

Mdogo wako,
Shifaa