Dira Kando ya Majembe

Tabora, Jumapili. Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi.

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu tumzike mke wangu, Mwajuma. Nimekunywa chai bila sukari kwa sababu sijui aliiweka wapi.

Jumanne nilikuwa Goweko na Mzungu mpima ardhi. Kazi yangu ni kumshikia mnyororo wa kupimia. Aliweka dira yake, akachungulia, kisha akanikaripia, "Ondoa panga hilo!" Nikalipeleka mbali, na sindano ikarudi polepole mahali pake. Si jambo geni kwangu. Alikwisha kutueleza kwamba dunia nzima ni sumaku, ila mvuto wake juu ya sindano ni mdogo, hata chuma kidogo kikiwa karibu huweza kuushinda.

Safari hii nilikumbuka maziko.

Siku ya maziko mimi ndiye niliyepima kibla. Makaburi ya jirani yangetosha kutuonyesha, lakini nilitaka kumpimia mke wangu mimi mwenyewe, kwa dira yangu ya mfukoni. Niliiweka chini, nikaonyesha kwa mkono upande ambao uso wake ungeelekea. Kwa huku kwetu kibla ni kaskazini, kidogo upande wa mashariki. Kando ya dira yalikuwapo majembe manne na sururu.

Nilikuwa najua. Sikukumbuka.

Mwajuma aliwahi kuiweka dira hiyo karibu na pasi, sindano ikageuka. Akacheka, akasema, "Kumbe nayo inapenda nguo zilizonyooshwa." Akaurudia mchezo ule mpaka makaa ya pasi yakapoa.

Tangu Jumanne nimekuwa nikiwaza kwamba nimemlaza akitazama kwingine. Sikumwambia mtu.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda makaburini. Njiani nikakutana na Sefu, Mzigua anayefanya kazi reli. Yeye ni mtani wetu, na kwa desturi watani ndio waliomchimbia Mwajuma kaburi.

"Wewe Mnyamwezi, unakwenda wapi na kidude chako?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akanifuata.

Nilivua mkanda wenye chuma, nikampa pamoja na funguo, akasimama mbali. Nikapima mara tatu. Kaburi limekaa sawasawa, uso umeelekea kibla. Nikasema haiwezekani.

"Kwa nini isiwezekane?" akasema Sefu. "Wewe ulituonyesha upande wa Kigoma, magharibi. Mimi nikafuata kaburi la jirani. Babu zako walibeba pembe mpaka pwani bila sindano, wewe unapotelea hapa hapa mjini!"

"Mbona hukuniambia?"

Akanirudishia mkanda kwanza.

"Ningekuambia nini, mtani? Ulikuwa umeiinamia dira, unaiuliza, 'Mwajuma, ni huku?' Nani angekubishia?"

Tulirudi pamoja. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia mke wake ataleta ugali jioni, nisije nikasema Wazigua ni wachoyo.

Sikumbuki kuiuliza dira kitu chochote. Ninachokumbuka ni kwamba siku ile nilijiona mtulivu kuliko watu wote waliokuwapo.

Sijui nilisema nini kingine.