Miguu Iliyosikia Ardhi

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako la kulia limeacha kulalamika. Mimi mdogo wako sijambo kabisa. Nimenenepa kidogo upande wa mbele, meno yote yapo, na kazini wananihitaji kuliko grisi. Msalimie shemeji, mwambie ile redio aliyosema haiponi asiitupe, nikifika itaniogopa yenyewe na kuanza kuimba. Wapwa zangu wasalimie wote wawili, mpole na yule mwingine. Mama mwamkie kwa niaba yangu. Ila nakuomba, dada, barua hii isome kwanza peke yako mpaka mwisho, ndipo uamue utamsomea mama kipi na kipi utaruka.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nilifurahi mpaka nikamsomea muuza aiskrimu kwa sauti, pale ulipoandika kwamba mama amekubali kuja Jumamosi ya wiki ijayo kuiona bustani ya michezo ninayofanyia kazi. Miaka tisa namwomba! Halafu nikafika pale ulipoeleza kwamba alikuwa amekataa katakata, eti hawezi kukanyaga mji ambao ardhi yake haina adabu, mpaka ulipomtolea lile gazeti kabatini ukamkumbusha. Ndipo akasema kama miguu ya mwanawe inalisikia tetemeko kabla watu hawajalijua, basi yeye atakuja na atakaa karibu na hiyo miguu. Hapo, dada, nilikatiza kusoma katikati ya neno. Muuza aiskrimu akaniuliza kama nimemeza bahasha.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kutishika. Nimekanyaga miji mitano na bandari mbili, nimepika kwenye meli inayovuja, nimefukuzwa na mbwa wa askari nikamwacha anahema. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amebakiwa na kidogo sana cha kunifundisha. Kwa hiyo nikuelezee mambo yalivyokuwa hapa tangu siku ile, maana gazeti lilikuwa na nafasi ndogo na uso wangu ulichukua nusu yake.

Kazi yangu ni Nyumba ya Tetemeko. Ni chumba kimoja kilichojengwa juu ya mashine. Ndani kuna meza kubwa ya chuma iliyofungwa sakafuni kwa boliti, sofa, balbu inayoning'inia, rafu ya sahani za plastiki zilizofungwa kwa waya, na picha ya paka mnene ukutani. Watu wanaingia, nafunga mlango, nakaa kibandani kwangu nyuma ya kioo. Hapo nina mkono wa mashine wenye hatua tatu: Dogo, Kubwa na Balaa. Nikifika Balaa nawapigia kelele kwenye kipaza sauti kwamba chini ya meza, kinga kichwa, shika mguu wa meza, usiachie! Maneno yenyewe yamebandikwa mbele yangu kwenye karatasi, ni sehemu ya mchezo. Watu hucheka, hutoka na vumbi magotini, huenda kununua bisi.

Jumapili ile saa nane mchana nilikuwa na watu kumi na mmoja ndani: familia ya watu sita, kinyozi mmoja na binti zake wawili, na maharusi wapya waliokalia sofa kana kwamba ni la mtu mmoja. Nilikuwa bado kwenye Dogo. Yaliyofuata uliyasoma. Gazeti lilisema mwendesha mashine mahiri alihisi nyayoni kwamba huo si mchezo tena, akawaamuru watu wote waingie chini ya meza sekunde chache kabla bodi ya dari, kubwa kama mlango, haijaangukia sofa. Mwandishi aliponiuliza nilijuaje, nilimjibu polepole, kama profesa, kwamba mashine hutikisa kama mtu anayechekecha unga, lakini ardhi hutikisa kama mtu anayevuta mkeka ulioukalia.

Kuna jambo moja gazeti halikuandika. Wale kumi na mmoja hawakujua kitu. Kutikisika kulipokoma walipiga makofi. Kinyozi akasema amewahi kuja mara tatu lakini ya leo ndiyo ilikuwa tamu, na bibi harusi akataka kujua kwa siku tunabadilisha dari mara ngapi. Nilipowafungulia mlango wakakuta kigari cha bisi kimelala chali, uzio umekaa kama mtu aliyelewa, na umati mzima umejitandaza kwenye nyasi ukilia na kuitana majina. Kinyozi alirudi ndani akaliangalia lile sofa. Halafu akanikumbatia, akanilowesha bega lote. Namshukuru Mungu, bustani nzima hakufa mtu.

Tulifunga siku kumi na tisa. Wakaguzi wakaja na nyundo ndogo, wakagonga kila nguzo na kuitegea sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Mashine zote zikapita. Tukafungua geti, tukavaa ovaroli mpya, na hakuingia mtu. Dada, hujawahi kuona huzuni kama gurudumu kubwa linalozunguka tupu. Ukikaa chini unasikia kila kiti kikilia kwa zamu yake. Farasi wa kuzunguka walikuwa wanawabeba njiwa. Muuza aiskrimu alitulisha sisi wafanyakazi ili isiyeyuke, mpaka nikaanza kuikimbia. Watu wa mji walisema wametikiswa bure nyumbani kwao, kwa nini wapange foleni kutikiswa tena? Na ukweli hawakukosea.

Bosi wetu, mtu mfupi mwenye penseli sikioni ambaye sijawahi kumwona akiandika nayo, alianza kutembea peke yake kati ya michezo mikono ikiwa mgongoni. Wenzetu nane walipewa likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Ndipo akalikumbuka gazeti. Alichapisha turubai refu kuliko mlango wa gereji, akalitundika getini: uso wangu wote, meno nje, na maandishi yanayosema njooni mumwone mtu aliyeisikia ardhi kwa nyayo. Wakaja! Kwanza walikuja kwangu tu, na hawakuja kucheka. Walikuja kujifunza kukaa chini ya meza. Akina mama walirudi na waume zao, walimu na wanafunzi wao. Wakishatoka kwangu wakawa wanaangaliana, kisha mmoja anasema maadamu tumefika, tupande na gurudumu. Baada ya mwezi wale nane waliitwa kazini. Mimi nikapewa kofia ya Mkufunzi Mkuu, na kila Jumatatu asubuhi nikawa nafundisha waendesha mashine wote. Niliwavua viatu, nikawasimamisha kwenye jukwaa, nikawaambia wafumbe macho, waisikilize mashine kwa nyayo, ili siku ardhi ikisema waitambue sauti yake. Walinisikiliza, dada. Watu wenye vyeti vyao walinisikiliza mimi.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mama mmoja tunayemwita Fundi Cherehani. Alishona nguo miaka ishirini kabla macho hayajachoka na tundu la sindano, sasa anaendesha viti vya kuzunguka, vile vinavyoning'inia kwa minyororo. Alikuwa anaandika somo langu kwenye daftari. Mimi mwenyewe sikujua kama nasema vitu vya kuandikwa.

Jumatano iliyopita, asubuhi ya saa nne, ardhi ilirudi kidogo. Nilikuwa napita pale kwake na kikombe cha chai. Chai ikaruka. Watu kumi na wanne walikuwa hewani. Nikamwangalia Fundi Cherehani, nikamwona ameiondoa mikono yake kwenye mashine, amevua na viatu, amefumba macho, anasikiliza. Anasikiliza kwa nyayo, kama nilivyomfundisha! Huku juu viti vinayumba, vinagongana, mwanamume mmoja goti linakwaruza nguzo, na yeye bado anatafuta kama ni unga unaochekechwa au ni mkeka unaovutwa. Nilitupa kikombe, nikapiga kelele azime, zima, zima mama! Akazima. Ikawa goti moja lililochubuka na kiatu kimoja kilichopotea. Tungeweza kuwa tunaandika barua nyingine kabisa.

Angenitukana ningeshukuru. Yeye alinifuata kibandani na ufunguo wake mkononi, akaniomba msamaha. Eti alijitahidi lakini miguu yake haina kipaji kama yangu, atarudi kwenye cherehani hata kama haoni, kabla hajaua watoto wa watu. Alikuwa bado pekupeku.

Sasa sikiliza, dada, na kama umesimama ukae. Miguu yangu haikusikia kitu. Siku ile ya Jumapili chumba kilipoanza kuruka nilidhani nimeiharibu mashine. Niliurudisha mkono kwenye sifuri, chumba kikaendelea. Nikagonga kitufe chekundu, kikaendelea. Umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa, na nyumba bado inacheza! Wazo lililonijia si tetemeko hata kidogo. Niliwaza kwamba nimevunja mashine ya bosi na kazi imekwisha. Nikaona hawa watu wakijua imeharibika watapiga kelele, bosi atasikia. Basi nikayapaza yale maneno ya kwenye karatasi kwa mdomo mtupu, kwa nguvu zangu zote, wadhani ni Balaa ya kawaida. Niliwaweka chini ya meza ili kuficha kosa ambalo hata sikulifanya. Nilijua ni tetemeko nilipofungua mlango na kuona kigari cha bisi. Na yule mwandishi aliponiuliza nilijuaje, ulimi wangu ukatangulia, kama unavyoujua tangu utoto, ulipokuwa wewe unachapwa kwa ajili ya hadithi zangu.

Alhamisi asubuhi, kabla barua yako haijafika, nilisimama kwenye mkutano nikayasema haya yote mbele ya watu thelathini. Nilianza kwa kumwambia Fundi Cherehani avae viatu. Bosi akaniuliza kama ningejua kweli ni tetemeko ningefanya nini. Nikamjibu kwamba ningekimbia mpaka getini, na kwa mbio zangu wasingeniona hata vumbi. Muuza aiskrimu ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yanatoka. Bosi hakucheka sana. Alitoa penseli sikioni, na kumbe inaandika! Akanitaka nimtajie nilifanya nini kwanza na nini pili. Nilizima, nikawapigia kelele wajifiche, nikajua baadaye. Akasema basi hilo ndilo somo, na somo zuri, ila mwalimu wake ndiye mbovu. Sasa kila kibanda kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kikitikisika chochote zima, waambie watu wajikinge, sababu utaitafuta baadaye. Kofia ya Mkufunzi Mkuu amepewa Fundi Cherehani, naye Jumatatu hii alitufundisha na viatu miguuni. Mimi amenibakiza kwenye Nyumba yangu ya Tetemeko, eti sauti yangu bila kipaza inafaa. Mwandishi wa gazeti nimemwandikia naye. Hajajibu.

Turubai limeshushwa. Nilidhani litatupwa, lakini Fundi Cherehani aliliomba, akalikata, akashona vifuniko vya kukinga mashine na mvua. Kwa hiyo mkija msishtuke: pua yangu iko kwenye viti vya kuzunguka, sikio la kushoto linafunika friji ya aiskrimu, na meno yote nimepewa mimi, yamefunika mashine yangu. Wenzangu wananiita Miguu. Sijawahi kuitwa jina nikalipenda hivi, maana wanaloniitia wanalijua.

Kuhusu mama, sijui, dada. Amekubali kuja kwa ajili ya miguu ambayo haipo. Kama utaona ni bora umwambie huko huko, naye akaahirisha, sitakasirika, nitamwomba tena miaka tisa mingine. Lakini kama utaweza kumleta bila kumdanganya, mwambie kwamba mwanawe hasikii ardhi wala hamsikii hata mpangaji wa chumba cha jirani, ila meza yake ni ya chuma, boliti nimezikaza mwenyewe jana, na chini yake wanaenea watu kumi na mmoja. Yeye atakuwa wa kwanza kuingia na mimi nitashika mguu wa meza pamoja naye, mashine iwe imezimwa, tukae tu pale chini nimwambie yaliyobaki kwa mdomo wangu. Hilo la gazeti kabatini alifanye atakavyo.

Nibusie wapwa zangu, na yule mwingine umbusu mara mbili maana anafanana nami na atahitaji. Shemeji asiguse redio. Wewe nakushukuru kwa fimbo zote ulizonipokelea.

Jumamosi kuanzia saa tatu nitakuwa nimesimama getini, nimevaa viatu.

Ni mimi mdogo wako,
Miguu