Kifurushi cha Kupeleka Juárez

El Paso, Texas
Ijumaa jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Baba na kila anayeota moto jikoni kwetu. Mguu wa Baba umepata nafuu, ama bado anauficha akienda shambani? Na mahindi, mmeshapalilia? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Lakini moyoni nina aibu, Mama, na sina mtu wa kumwambia ila wewe.

Kesho tunaenda Mexico. Usishtuke, si mbali! Ni mji unaitwa Juárez, uko ng'ambo ya mto tu, unavuka daraja kwa miguu. Tuko wasichana wanne wa bweni. Tutaenda asubuhi na kurudi jioni, tuone kanisa la zamani, tupige picha, tutembee sokoni. Wiki nzima hatuna habari nyingine. Karen, yule tunayelala naye chumba kimoja, ana kitabu cha watalii na anatusomea tukiwa mezani. Ati msinywe maji ya huko. Msile vyakula vya watu. Mkoba ushikilieni mbele. Na mimi, mtoto wa Kitale, nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, hata nikaongeza yangu, nikasema kwetu pia wageni huambiwa hivyo. Wakacheka sana, nami nikafurahi kwamba nimewachekesha.

Sasa, kuna mama anayetupikia hapa bwenini, anaitwa Lupe. Mimi humwita Dada Lupe ingawa umri wake ni kama wako. Nilikuandikia habari zake ule wakati wa baridi niliposhikwa na homa. Ndiye aliyeniletea supu ya mahindi mazima na nyama mpaka kitandani, mimi nikalia nilipoyaona yale mahindi, naye akadhani amenipikia vibaya. Kwao ni Juárez. Hana karatasi za kukaa hapa, kwa hivyo akivuka lile daraja hatarudi tena kazini. Ukisimama kwenye kilima cha chuo unaona mapaa ya mtaa wao. Ni kama mtu akae Kiminini, na mama yake ako Kitale, na wasionane miaka na miaka.

Juzi alisikia tunaenda. Akaja akipangusa mikono kwa aproni, akaniita pembeni. Akaniuliza kama naweza kumpelekea mama yake kifurushi, sweta tu na dawa ya miguu. Akasema, "Mama atakupikia. Nitamtumia habari akuwekee kuku."

Mama, wewe unajua vile sisi tuko. Ukisema tu kesho unaenda Bungoma, kabla hujaoga watu wamejaa mlangoni, huyu na kuku amefungwa miguu, huyu na mahindi mabichi ya kupeleka Bokoli. Nani kwetu amewahi kukataa kutumwa? Utachoka, utanung'unika, lakini utabeba.

Mimi nilikataa. Nilimwambia hatutafika mitaa hiyo, tumeambiwa si pazuri. Na hiyo haikutosha, nikasema pia kwamba hatutakula huko, tutabeba chakula chetu. Nilisema hivyo nikimwangalia usoni, kwa Kiingereza changu kizuri, na Karen yuko pale nyuma anasikia. Dada Lupe akasema, "Haya, mwanangu, ni sawa." Akarudi kwa sufuria zake.

Unamkumbuka yule bibi wa kilimo aliyekuja kutuonyesha kupanda soya? Ulimchinjia yule kuku mwekundu aliyekuwa bado anataga. Akasema ameshiba, kisha akatoa mkate wake kwenye mkoba, akala mbele yetu. Wewe ulifunika sufuria. Alipoondoka ulimwambia Baba, "Leo nimeitwa mchawi nyumbani kwangu." Na ule mchuzi hukuugusa. Nilikuwa mdogo lakini nilimchukia yule bibi, hata nikaapa nikienda kusoma sitakuwa hivyo. Na ona sasa.

Leo mchana nilipotoka darasani nimekuta kitu mlangoni kwangu, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Mayai ya kuchemsha, mkate wao wa mahindi, machungwa yaliyooshwa, na chupa ya maji. Dada Lupe ameniandalia chakula cha safari, nisije nikala cha kwao. Mama, heri angenitukana! Nimekaa nacho hapa mezani tangu mchana, sijui nikiangalieje.

Nimeshaamua. Kesho kabla hatujatoka nitaenda jikoni nimwambie, "Dada, nitume." Karen na wenzake wataenda sokoni, mimi nitautafuta huo mtaa, na huyo kuku nitamla mpaka mifupa, na nitaomba niongezewe. Niombee, Mama.

Msalimie Baba, umwambie aache kuuficha mguu. Msalimie Simiyu, ndugu yangu, aache kupanda baiskeli yangu bila breki. Nyanya wa Bokoli mwambie bado nalala na lile shuka lake. Na shangazi wa Tongaren, mwambie jina lake nalitaja kila nikiona gunia la mahindi.

Ni mimi binti yako,
Nekesa

N.B. Ni Jumamosi asubuhi, wenzangu wananingoja nje. Nimetoka jikoni sasa hivi. Nimemwambia vile nilisema nitamwambia. Dada Lupe amenishika mkono, amesema asante, lakini kifurushi ameshampa dereva mmoja akipeleke. Kisha akaniuliza kama nimekumbuka kubeba chakula changu.