Jibu Lililotoka Nyuma ya Pazia

Baba,

Nilikupoteza mwezi wa Mfungo Sita, alfajiri. Duka lako nililipoteza siku ya tatu, kabla turubai la matanga halijakunjwa, kaka yangu Athumani aliposimama mbele ya wazee akasema wewe ulimwachia yeye ufunguo. Sheria imenipa fungu langu, nusu ya lake. Sigombani na Mungu. Nagombana nawe.

Basi pokea habari za mrithi wako. Juzi nilipita dukani kwako Msambweni nikamkuta na bibi mmoja wa Kinango, ana harusi. Unga pakiti sita, mia na hamsini kila moja. Sukari kilo nne, mia na sitini kila kilo. Simu ya Athumani haikuwa na chaji, ikambidi atumie kichwa, kitu asichokizoea. Akajumlisha sita na nne, akajumlisha na bei mbili, kisha akazidisha kumi kwa mia tatu na kumi. "Elfu tatu na mia, bibi." Bibi kashapiga hesabu vidoleni zamani: mia tisa ya unga, mia sita na arubaini ya sukari, jumla elfu moja mia tano na arubaini. Akamwambia, "Mwanangu, nimekuja kununua unga, sikuja kununua duka." Akaenda zake. Nilicheka, Baba, Mungu anisamehe. Nilicheka hadi machozi, kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Wakumbuka jioni zile? Wewe na Athumani kaunta, mimi nyuma ya pazia na ungo wa mchele. Wamuuliza yeye: "Sabuni tatu, viberiti vitano, mteja katoa mia mbili. Chenji ngapi?" Yeye aangalia dari. Mimi nanong'ona. Yeye atamka. Nawe wampa kashata: "Huyu ndiye mwenye duka."

Mimi hukunipa hata chembe.

Nilianza na meza ya nyanya Tiwi. Leo nina duka la mawe, na hakuna mteja aliyerudi kunigombeza kwa chenji. Mwanao ameshindwa, Ijumaa baada ya swala anampangisha mtu wa Ukunda duka lako auze makava ya simu. Nimemwambia nipangishe mimi, kodi ile ile. Asema, "Baba hangependa mwanamke kaunta."

Lala salama, Baba. Mchele wa hitma yako nitaupima mimi, wala hautapungua. Lakini nijibu jambo moja, bila kuzunguka: ile sauti ya nyuma ya pazia, uliisikia au hukuisikia? Njoo ndotoni kabla ya adhana ya Ijumaa. Usipokuja, nitahesabu kwamba uliisikia, na ufunguo nitaufuata mwenyewe.

Mejumaa