Makofi kwa Mgeni

Kwako Kaka mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo unaendeleaje? Ukisema umepona nitajua unanidanganya, maana tangu utotoni hujawahi kukiri ugonjwa. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mliutazama mkutano wetu wa mafundi baiskeli ukirushwa moja kwa moja kwenye simu, wewe na shemeji, mkinywa chai. Ukaenda jikoni kufuata sukari, na uliporudi ukamkuta shemeji ameshasimama anavaa viatu, akaondoka bila hata kuaga. Unaniuliza kama kuna mtu alisema neno la kumuudhi. Nitakujibu, Kaka, ila niache nianzie mbali kidogo.

Mwaka huu nilipewa kamati ya mapokezi. Unanijua, nikishika jambo nimelishika. Mwaka jana wanawake walilalamika kushikwashikwa kwenye msongamano, choo chao hakikuwa na komeo, na fundi mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa hadi ndani kama gunia. Nikaapa haitatokea tena. Nikatia komeo, nikatengeneza mteremko wa mbao, nikatenga chumba cha kupumzikia kwa anayechoshwa na kelele. Na nikaleta utepe mwekundu: anayeuvaa hapigwi picha, wala haulizwi kwa nini. Wapiga picha walinung'unika weee, lakini wakautii. Nikajiona nimemaliza kazi, kumbe!

Kulikuwa na fundi mmoja mwanamke, mgeni, aliyevaa utepe huo. Alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akaja kujificha mji huu, akapata kazi ya kufunga spoki. Hakutaka kuja mkutanoni. Mimi ndiye niliyembembeleza, nikamwambia kama kuna mahali atakaa kwa amani siku nzima, basi ni pale.

Desturi yetu unaijua: mgeni husimamishwa, akasema neno, akapigiwa makofi. Mwenyekiti, tunayemwita Bwana Kipaza kwa kuwa akishika kipaza sauti hakiachii mpaka umeme ukatike, alimwona amejikunyata kule nyuma akamwonea huruma. Mimi nilikuwa nje napigilia ubao wa mteremko uliolegea. Nikasikia kwenye spika akimsihi asione haya, hapa ni nyumbani, atusalimie tu. Nikatupa nyundo nikakimbia. Nafika mlangoni, ameshatusalimia, na Bwana Kipaza kwa wema wake wote anatangaza kwamba huyu ndiye fundi hodari wa karakana iliyo nyuma ya soko la nafaka. Ukumbi mzima ukashangilia. Mpiga picha, maskini, alikuwa ameielekeza kamera darini kama nilivyomfundisha. Sauti ilikwenda yote. Kanuni yangu ilikuwa ya macho, masikio nikayasahau.

Tena fundi mwenyewe ndiye aliyenituliza mimi! Akacheka, akasema ni nani huyo atakayekaa nyumbani kusikiliza habari za minyororo na breki.

Jumatatu akaenda kazini. Mwenye karakana anasema alifika mwanamume mpole, mwenye adabu zake, akaeleza kwamba amemletea mkewe shali aliyoisahau. Alipogeuka kumwita fundi wake hakumwona; mlango wa nyuma u wazi, gurudumu limebaki kwenye stendi na spoki nusu. Yule mwanamume akashukuru, akatoka kwa mlango uleule wa nyuma. Tangu hapo simu ya fundi haipatikani. Polisi wameandika maelezo yangu, wakaniambia mambo ya mke na mume yana wenyewe. Bwana Kipaza amelia mbele ya kamati, kisha akapendekeza kanuni mpya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kaka, nimekuwa nikimwita fundi kwa sababu jina limenishinda kuandika. Ni Kitinda, mdogo wetu. Hakwenda ng'ambo kama nilivyokuambia. Amekuwa kwangu muda wote huu, chumba cha pili. Alinikataza nisikwambie, maana alipokimbilia kwako mara ya kwanza ulimrudisha kwa mumewe, begi lake ukalibeba wewe mwenyewe, kwa nia njema. Sikulaumu. Mimi nami nilimpeleka ukumbini kwa nia njema.

Basi hilo ndilo lililomwinua shemeji kwenye chai. Wewe ukiwa jikoni, yeye aliisikia sauti ya mkewe, kisha akaambiwa na mahali pa kumpata.

Akirudi hapo kwako, nakuomba usimfungulie mlango. Au mfungulie, mkalishe, umuulize mdogo wetu yuko wapi. Sijui, Kaka. Kila nikishika hili naona afadhali lile. Sijui kabisa.

Nisalimie wifi sana, watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama usimwambie bado.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomodomo, niliyeishiwa maneno.