Maji ya Pua Hayapozwi

Jumanne jioni, Nkuhungu. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Nimechoka, na bado nina wasiwasi.

Mama mkwe wangu yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Katoka kijijini kwake Busi na pua zilizoziba, paji la uso linamuuma, akilala anahema kwa mdomo. Daktari alimpa chupa laini ya kusafishia pua na pakiti za chumvi yake, akasema maji yachemke kwanza, kisha yapoe. Ya bomba au ya tenki, hata yakionekana safi, yasiende puani hivi hivi. Basi kila nikirudi kazini najifunga kitenge, namshikia beseni, naye anainama na kujisafisha. Tumezoeana kwenye beseni hilo kuliko miaka yote ya ndoa yangu.

Leo niliwahi kurudi. Nikamkuta jikoni, sufuria inafuka mvuke, naye anachota kikombe cha maji ya tenki kwenye ndoo na kumimina humo. Akachovya kidole. Akaongeza kidogo.

Alikuwa anayapoza, kama tunavyopoza maji ya kuoga.

Nilishtuka. Siku zote hizi amekuwa akichemsha kama alivyoambiwa, kisha anarudishia kile kile tulichokikimbia. Nani wa kumlaumu? Tulimwambia yapoe. Hakuna aliyemwambia yaachwe yapoe yenyewe.

Kumkosoa mama mkwe si jambo la kukurupukia. Nikampa shikamoo yake, nikavuta kigoda, nikamweleza taratibu kwamba maji mabichi yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo ukivinywa havikufanyi kitu, lakini vikipandia puani vinaweza kufika kwenye ubongo.

"Na udhu je, mwanangu? Si tunapandisha maji puani kila siku?"

Nikamwambia yale unayavuta kidogo na kuyapenga, haya ya chupa tunayasukuma mpaka ndani kabisa. Akasema, huku anaitazama sufuria, "Unarudi umechoka. Sikutaka usimame na beseni ukingoja maji yapoe."

Nikainuka, nikaibeba sufuria.

Tumeyamwaga. Nikampigia daktari, akasema ugonjwa huo ni nadra sana, ila ukimpata mtu hauna mchezo: akipata homa, kichwa kikimuuma sana au shingo ikikaza, tukimbie hospitali bila kungoja. Mpaka sasa hana lolote, namshukuru Mungu, ingawa nimemshika paji la uso mara nyingi hadi ameanza kunicheka.

Maji ya kesho tumeyachemsha pamoja, tukayaacha yatokote vya kutosha, tukayafunika. Chupa tumeisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kuiacha ikauke. Nimepita jikoni sasa hivi, nikakuta ameweka mchi wa kinu juu ya kifuniko, mtu asiguse.

Nimecheka peke yangu, kisha machozi yakanilenga. Muda wote huu nilidhani mimi ndiye ninayemuuguza. Ni mangapi mengine anayoyafanya kimyakimya humu ndani ili mimi nisichoke?